Daktari wa Hewa

Ukishuka kwenye basi pale Shelui, mkoani Singida, fuata harufu. Harufu ya mafuta ya alizeti itakufikisha kwa mdogo wangu Gaspari bila kuuliza mtu. Mimi ni Editha, dada yake. Kazi yangu pale ni kupokea wateja na kuongea nao. Kuongea naweza, hata wasionipenda wanakubali.

Kazi yetu iko hivi. Wakulima wanashusha magunia ya alizeti. Gaspari anawasha mashine ya kukamua. Mkewe, wifi yangu Martina, alikuwa anachekecha mbegu, khanga ameifunga usoni, ili mchanga na makapi vitoke. Mbegu zikiingia kwenye mashine, mafuta yanatoka huku, mashudu, mabaki ya mbegu, yanatoka kule. Mashudu nayo ni Martina aliyekuwa anayajaza kwenye magunia.

Yote hayo tuliyafanya ndani. Mlango ulifungwa na madirisha yalizibwa kwa viroba. Kwa nini? Kwa sababu mbegu ya moto hutoa mafuta mengi. Kila mkamuaji analijua hilo. Basi Gaspari akasema, "Tufungie joto ndani." Na upepo wetu huu mnaujua. Ukifungua dirisha kidogo tu, makapi yanahamia kwenye ndoo ya mafuta.

Wifi akaanza kukohoa. Mwanzo tulisema ni mafua. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Mwishowe hakuweza tena kulala chini. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na kifua kinapiga kelele usiku kucha. Akipanda ngazi za kanisani, lazima asimame apumue. Mwanamke ambaye hata mvi hajaota!

Hospitali walipima makohozi. Si kifua kikuu. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba wifi amerogwa. Nikamjibu, "Mchawi gani huyo mwenye muda wa kushinda kwetu?" Mdomoni nilicheka, lakini moyoni niliogopa sana. Tulikuwa tunampoteza Martina huku tunamtazama.

Gaspari anampenda mkewe, asikudanganye mtu. Kila jioni alimletea maziwa.

"Kunywa, Mama Laurian," alimwambia. "Yanaosha vumbi kifuani."

Watu wa mashine wote tulikuwa tunaamini hivyo. Ukifanya kazi ya vumbi, unakunywa maziwa, basi, umepona. Wifi alikunywa, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Asubuhi moja akaja mwanamke mwenye begi mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta alizeti?"

"Hapana, mama. Naitwa Janeth. Ni mtafiti. Napima hewa mahali watu wanapofanyia kazi."

"Hewa inapimwa?" niliuliza. "Kwa kilo au kwa lita?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi ni daktari, mama, ila si wa sindano. Ni daktari wa hewa."

Haya, nikasema, duniani kuna kazi! Nikamvutia kigoda. Nikamuuliza mtu anaingiaje kwenye kazi ya namna hiyo.

"Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule Unyambwa," alisema. "Kila siku alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Alikufa akikohoa, na hakuna aliyejua sababu. Nikiwa shule nikajiuliza, kulikuwa na nini kwenye ile hewa? Swali hilo nimelifuata mpaka chuo kikuu. Nimepima hewa kwenye viwanda vya pamba na kwenye machimbo. Nimepima hata kwenye ofisi zenye viyoyozi, ambako watu wanaumwa kichwa kila siku na hawajui kwa nini."

Nilimtazama upya. Binti wa Unyambwa, wa hapa hapa kwetu!

Martina alitoka nje akikohoa. Janeth akamsikiliza kwanza, kisha akamuuliza swali moja.

"Dada, Jumapili unapumuaje?"

Martina akafikiri. "Jumapili nina nafuu. Jumatatu jioni ndiyo nakufa."

"Basi kifua chako kimeshakuambia. Siku isiyo ya kazi kinapumzika. Siku ya kazi kinaumia kwa vumbi."

Gaspari alikuwa ametoka nyuma ya mkewe, naye hakufurahi. "Daktari, humu ni safi. Tunafagia kila siku. Hilo vumbi mimi silioni."

"Vumbi baya zaidi ni lile usiloliona, kaka. Ukiniruhusu, nitakuonyesha. Fanyeni kazi kidogo, mlango ufungwe kama kawaida. Kisha mzime mashine na taa."

Tukafanya hivyo. Chumba kikawa giza kabisa. Janeth akachuchumaa ukutani na kuwasha tochi moja yenye mwanga mkali mwembamba, ukakata chumba kutoka upande huu hadi ule.

Jamani!

Hewa ilikuwa imejaa. Ilijaa vitu vidogo vidogo visivyohesabika, vinametameta, vinapanda, vinashuka, vinazunguka polepole. Hakuna palipokuwa patupu. Martina alivuta pumzi, nasi tukaona vile vitu vikisogea na kuingia puani mwake. Kwa macho yetu tuliviona. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili. Mimi, Editha, niliogopa kufungua mdomo nisivimeze.

"Ni nzuri," Martina alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, mbona ni nzuri hivi?"

"Ni nzuri kwa macho," Janeth alijibu. "Chembe kubwa pua inazikamata. Hizi ndogo zinapita mpaka ndani kabisa ya mapafu. Na khanga unayojifunga usoni haizizuii."

"Lakini anakunywa maziwa!" Gaspari alisema.

"Maziwa ni chakula kizuri, kaka, endelea kumpa. Ila maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti, hazikutani."

Gaspari aliketi juu ya gunia. Nilisikia analia pale gizani. Sikuwa nimemsikia mdogo wangu akilia tangu tumzike baba.

Tulipofungua mlango, alifuta macho. "Sasa nifunge mashine? Tutakula nini?"

"Usifunge. Tuliondoe vumbi kabla halijafika puani."

"Na joto je?"

"Joto unalolitaka liko ndani ya mbegu, si ndani ya chumba. Anika mbegu juani kwenye turubai. Ziingize zikiwa bado za moto, uzikamue hapo hapo."

"Na upepo?"

"Upepo wa Singida ni mali! Fungua dirisha upepo unakoingilia na dirisha la upande wa pili unakotokea. Ndoo za mafuta zifunike. Chekeche ihamie nje, na anayechekecha aupe upepo mgongo."

Gaspari akainuka. Kisha akaenda dirishani na kuvuta kile kiroba cha kwanza. Mwanga ukaingia.

Fundi bati alitengeneza kofia ya bati juu ya mahali mashudu yanapotokea, na bomba lenye feni ya kuvuta vumbi. Bomba tulilielekeza kwenye uwanja mtupu, si kwa jirani. Kufagia kukavu tukaacha, sasa tunapangusa kwa kitambaa kibichi. Janeth alituonyesha pia barakoa nzito za vumbi, zinazobana vizuri usoni.

"Lakini barakoa ni msaidizi," alionya. "Msiitegemee peke yake."

Wifi naye, Janeth alimwambia arudi hospitali. "Na mwambie daktari kazi unayofanya. Asipoijua kazi yako, anatibu nusu yako."

Kweli, safari hii daktari alipoisikia kazi yake, alimpima upya pumzi. Akasema ni pumu iliyoletwa na vumbi la kazi. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na akamkataza kabisa kukaa kwenye vumbi. Tukabadilishana. Mimi nikachukua chekeche nje, na barakoa yangu usoni. Yeye akakaa kupokea wateja. Wateja wanadai siku hizi wanahudumiwa haraka. Sijui wana maana gani.

Mafuta hayakupungua. Kifua cha Martina hakikupona kwa siku moja, kilikwenda taratibu.

Kisha, alfajiri moja, mlango wangu ukagongwa kwa nguvu.

"Dada! Dada, njoo! Martina!"

Nilikimbia bila viatu. Njiani nilishaanza kuita jina la Bwana. Nilijua ni msiba.

Gaspari alikuwa amesimama kando ya kitanda. Martina alikuwa amelala chali, ameunyoosha mwili wote, kimya kabisa.

"Nimeamka sikusikia filimbi," Gaspari alininong'oneza. "Nikajua amekufa. Dada, naogopa kumgusa."

Niliinama. Nikaweka sikio kifuani kwake. Hewa iliingia. Hewa ikatoka. Ikaingia tena, bila shida, bila sauti. Nikamshika mdogo wangu mkono na kumwinamisha asikilize. Machozi yalitutoka sote wawili.

Martina alifumbua jicho moja.

"Mna nini nyie? Kuna msiba?"

"Hakuna, wifi," nilimwambia. "Lala."

Akageukia ukutani akalala. Tukaketi sakafuni mpaka jua lilipochomoza, tukimsikiliza akipumua.