Onyo la Tarehe Tisa Mei

"Saini hapa, Salwani. Ukisaini tunaachana kwa heri."

Bi Marlina, meneja utumishi wa kiwanda chetu cha glavu, alinisukumizia karatasi bila hata kuniangalia usoni. Nilisoma mstari wa kwanza tu, macho yakaingia ukungu. Nimefukuzwa kazi.

"Kosa langu nini, Bi Marlina?"

"Kusinzia kazini. Mwaka jana umeonywa kwa barua mara tatu."

"Mimi? Sijawahi kupewa barua hata moja!"

"Zimo kwenye faili lako. Kila moja imeandikwa kwamba ulikataa kusaini." Macho yake yakashuka, yakatua kwenye tumbo langu la miezi mitano. "Halafu kwa hali uliyo nayo, si bora upumzike nyumbani?"

Nikaiacha kalamu pale pale mezani nikatoka. Chumba cha pili ndimo anamofanyia kazi Hazrul, mume wangu, karani wa utumishi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikampigia simu.

"Abang, uko wapi?" Ndivyo ninavyomwita tangu tuoane, kama wake wengi hapa Taiping wanavyowaita waume zao.

"Nimetumwa posta. Kuna nini?"

"Wamenifukuza."

Nikasikia mvua inapiga upande wake wa simu.

"Abang, umenisikia?"

"Nimekusikia, mpenzi. Usilie. Saini tu, tutaongea nyumbani."

"Nisaini? Wanasema nilionywa mara tatu! Wewe ndiye unayetunza mafaili. Umewahi kuziona hizo barua?"

"Mezani kwangu zinapita karatasi nyingi, Sal. Mfikirie mtoto kwanza."

Akakata.

Thilaga alinikuta kantini nimeukodolea macho wali wangu wa nazi, hata kijiko sijagusa. Tumesimama pamoja miaka sita tukivua glavu kwenye vibao vya moto vyenye umbo la mkono, jasho langu analijua na lake nalijua. Nikamweleza kwamba nimefukuzwa, na kwamba nimeshauriwa nisaini.

"Mwendawazimu gani kakwambia usaini?"

"Mume wangu."

"Basi mwambie mume wako akanywe maji. Shoga, hujasikia sheria ya kazi imerekebishwa? Tangu Januari mwenye mimba hafukuzwi ovyo. Wakikufukuza, wao ndio wathibitishe kwamba sababu si hilo tumbo. Wao, si wewe!"

"Ndiyo maana wamekuja na hadithi ya kusinzia."

"Eee! Mlango wa mbele umefungwa, wanapita uani. Kesho nenda Ofisi ya Kazi. Usiogope, kaandikishe malalamiko."

Jioni ile Hazrul alinipikia uji wa kuku mwenyewe, akautia tangawizi nyingi kama ninavyoupenda. Akanipulizia kijiko cha kwanza. Nilimpenda sana dakika ile, sitaki kudanganya.

"Kesho naenda Ofisi ya Kazi, Abang."

Kijiko kikabaki hewani.

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Mimi bado nimo mle ndani, Sal. Unataka nitazamwe vipi?"

"Na mimi nitazamwe vipi? Kama mvivu aliyefukuzwa kwa kulala?"

"Nani atajua? Utakaa nyumbani, utalea. Mama naye kila siku anasema kile kiwanda kina joto, si mahali pa mwenye mimba."

"Nikitaka kuacha kazi nitaacha kwa mguu wangu. Uongo siusaini."

Akachukua bakuli, akaenda kuliosha wakati nilikuwa sijamaliza kula.

Nilikwenda peke yangu. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye foleni ya kliniki, akanitumia ujumbe:

"Sal, futa malalamiko. Nakuomba kama mume wako."

Nikamwandikia: "Nilitegemea uniambie tutakwenda pamoja."

Alama zikaonyesha amesoma.

Siku ya kusikilizwa malalamiko yangu pale Ofisi ya Kazi, Bi Marlina aliingia na kijana wa kumbebea faili. Nilipoinua uso, nikamtambua. Alikuwa Hazrul. Asubuhi alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kazini kama kawaida. Akakaa upande wao wa meza, macho kwenye viatu vyake. Bila shaka Bi Marlina alimleta makusudi, ili nikimwona ninyong'onyee.

Afisa wa kazi, Bwana Kumaran, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akafungua faili.

"Mnajua sheria inavyosema sasa. Mfanyakazi huyu ni mjamzito, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wenu. Nithibitishieni."

"Barua zote zilitolewa kabla hajashika mimba," akasema Bi Marlina kwa kujiamini. "Ujauzito hauhusiani kabisa."

Bwana Kumaran akaanza kusoma. "Onyo la kwanza. Tarehe tisa Mei mwaka jana, saa nne asubuhi, mfanyakazi alikutwa amelala kwenye mstari namba tatu..."

Sikusikia kilichofuata.

"Samahani, Bwana. Rudia hiyo tarehe."

"Tisa Mei."

Nikamtazama Hazrul. Na yeye alikuwa ameinua kichwa. Nikaona rangi inavyomtoka usoni, na hapo nikajua. Kabla mtu hajatamka neno, nikajua.

"Tarehe tisa Mei nilikuwa hospitali," nikasema. "Mimba yangu ya kwanza ilitoka siku ile. Ilikuwa na wiki kumi na mbili."

Nikatoa kadi yangu ya kliniki, iliyoandikwa siku niliyolazwa na siku niliyoruhusiwa. Bwana Kumaran akaisoma taratibu.

"Ulikuwa na nani huko hospitali, binti yangu?"

"Nilikuwa na mume wangu. Siku mbili alilala kwenye kiti, kanishika mkono."

"Anaweza kuja kuthibitisha?"

"Yuko hapa." Nikamwonyesha kwa kidole. "Ndiye huyo aliyebeba faili."

Bi Marlina akageuka kwa ukali. "Hazrul, wewe nyamaza. Bwana Kumaran, hilo ni kosa dogo la tarehe..."

"Nani alichapa barua hizi?" akauliza Bwana Kumaran.

Hazrul akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Zote tatu, siku moja." Machozi yalikuwa yanamdondoka mpaka kwenye shati. "Niliambiwa nitafute tarehe za kabla ya mimba. Hakusinzia. Mke wangu hajawahi kusinzia kazini hata siku moja."

Alinikuta nje, chini ya kibaraza, nikisubiri mvua ipungue. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa kukaribia.

"Sal, nisikilize. Walisema nisipochapa nitaondoka mimi. Na nikichapa watanipandisha cheo, niwe msaidizi wake. Nikawaza, wewe utapumzika, mimi nitafute kwa ajili yetu. Nilijidanganya kwamba nakulinda."

"Ulikuwa ukinipulizia uji."

"Nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Najua, Abang. Swali langu ni moja tu. Ile tarehe uliichagua kwa sababu gani?"

Akafunga macho.

"Hakuna sababu. Kalenda ilikuwa mbele yangu. Nikachukua tarehe tatu tu, yoyote, bila kufikiri."

"Kwa hiyo hukuikumbuka."

"Sal..."

"Mimi kila mwezi ikifika tarehe tisa siwezi kula. Nilidhani tunaibeba wawili. Kumbe niliibeba peke yangu."

Akapiga magoti pale pale kwenye maji, mbele za watu. Wapita njia wakageuka kutazama.

"Nipige, nitukane, lakini usiniache. Si nimesema ukweli mbele ya wote?"

"Umesema, na Mungu akulipe. Lakini kama tarehe ingekuwa nyingine, ungesimama?"

Nilimsubiri ajibu, nasema kweli. Hata uongo ningeupokea siku ile. Hakujibu.

Nikaingia kwenye mvua.

Kiwanda kikaifuta barua ya kunifukuza kabla shauri halijafika mbali, nami nikarudishwa kazini. Bi Marlina akaondolewa, Hazrul naye akafuatia. Mimi nikahamia kwa mama yangu, katika mji wa jirani wa Kamunting. Kila siku Hazrul aliniandikia.

"Umekula?"

"Mtoto anacheza?"

"Nimerudi nyumbani kwetu, mto wako bado una harufu yako."

Niliusoma kila ujumbe mara tatu, kisha nikaweka simu kifudifudi. Mama aliniuliza, "Humpendi tena?" Nikamwambia, "Ingekuwa rahisi, Mama."

Nilijifungua mtoto wa kike. Hazrul alifika hospitali akiwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Nikampa binti yake. Akamwadhinia sikioni, na sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Alipomaliza akamshika kifuani muda mrefu.

"Nirudi lini, Sal?"

"Kumwona mtoto, Jumamosi yoyote. Mlango uko wazi."

"Na wewe?"

Nilitaka kumshika uso. Mkono ulinyanyuka kabisa, nikaurudisha kwenye shuka.

"Mimi hapana, Abang. Nikilala karibu yako nitakuwa nahesabu tarehe."

Talaka ilitamkwa mahakamani Jumatano moja. Ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuegesha gari. Tulipotoka alinifunulia mwavuli mpaka kituoni, mabega yake yote nje kwenye mvua.

Siku tisini na nane za likizo ya uzazi zilipokwisha, nikarudi kwenye mstari namba tatu. Thilaga alinikumbatia mpaka kofia ikanivuka. Safari hii kulikuwa na wasichana wawili wenye mimba mle ndani, wanavua glavu huku wanataniana, hakuna aliyewaita ofisini. Mmoja, Nurain, akanisogelea wakati wa mapumziko.

"Dada Salwani, eti kweli wewe ndiye uliyewashinda?"

"Sheria ndiyo iliyowashinda. Mimi nilikwenda tu kuuliza."

"Mimi mume wangu ni mwoga, akisikia ofisi anatetemeka. Wako je, alisimama na wewe?"

Kengele ikalia. Nikavaa barakoa yangu, nikaivuta mpaka chini ya macho.

"Alisimama," nikamwambia. "Ila alichelewa."

Kisha nikageukia vibao, glavu zikaanza kuja, na nikaendelea kuvua moja baada ya moja, kwa sababu kwenye joto lile hakuna anayeweza kutofautisha jasho na kitu kingine.