Pete Ndani ya Meko ya Kale

Siku hiyo Mbuvi ndiye aliyekuwa mjinga, na hata yeye hakatai. Alisimama ukingoni mwa shimo akitabasamu kama mtu aliyeuza ng'ombe kilema kwa bei ya fahali, huku mpenzi wake Nashipae akiitazama pete aliyoikuta kwenye majivu kana kwamba ni nge.

— Nani ameweka hii hapa?

— Angalia ndani. Iko na jina lako.

Ilikuwa mwaka wa 2004, upande wa Isinya, ambako wanafunzi wa chuo walikuwa wakichimbua makao ya wafugaji wa kale. Mbuvi alikuwa fundi wa mawe Kitengela. Nashipae, binti wa Kajiado, alikuwa mwanafunzi, na meko ile ndiyo iliyokuwa shahada yake. Alikuwa ameipapasa kwa brashi wiki baada ya wiki, akingoja kutoa makaa ya kupelekwa maabara yaseme moto ule uliwashwa lini. Majuzi alimtumia Mbuvi meseji: "Nikipata kitu kizuri kwa hii meko, hata kidogo, nitalia na furaha."

Basi mwanamume akaona njia. Jana yake jioni, wachimbaji walipoenda kula, aliingia na mwiko wake wa ujenzi, akachimba katikati ya majivu, akazika pete, akafukia na kupigapiga vizuri kama anayemalizia sakafu ya kanisa.

— Ulichimba mpaka wapi? Nashipae aliuliza, sauti imeshuka.

— Kidogo tu. Kama kikombe.

— Na udongo uliotoa?

— Nilirudisha wote. Mimi si mchafu.

Hapo ndipo Nashipae alipowaka. Akamwambia majivu ya chini ni ya watu wa kale, ya juu ni ya wachungaji wa juzi, na yeye ameyakoroga pamoja kama uji wa matanga.

Mwalimu wao, Daktari Naliaka, akaja akachuchumaa. Kazi hiyo alijifunzia Italia, kwenye mji wa kale wa Wafalisci, majirani wa Roma ya zamani, na huko aliona nyumba nzima zikipoteza habari zake kwa mashimo ya wezi.

— Lakini wale wezi walikuwa wanatoa vitu, alimwambia Mbuvi bila kucheka. Wewe ndiye wa kwanza nimeona akileta. Nashipae, hii meko imeenda. Anza kuchimba mraba mwingine.

Akaondoka zake. Mbuvi angenyamaza, lakini nani alimfunza kunyamaza?

— Hao watu walikufa kitambo, Nashipae. Mimi niko hai, na nimekuuliza kitu.

— Umeuliza nani? Umeuliza majivu.

— Uko na huu udongo asubuhi mpaka jioni, mimi napata meseji. Nikaona niweke pete mahali macho yako yanakaa.

Nashipae aliitia pete kwenye kimfuko cha nailoni, kile cha kuwekea vipande vya vyungu, akamsukumia kifuani.

— Sasa hiyo ni ndio ama ni hapana? Mbuvi akauliza.

— Ungeniuliza na mdomo, ningekubali hata jana. Kesho kuja na mdomo. Mwiko uache Kitengela.