Mguu wa Sajenti Sabiri

Kila asubuhi, kabla ya uji, Mzee Sabiri hupiga kiwi viatu vyake. Hupiga vyote viwili mpaka ving'ae, ingawa mguu wake wa kulia ni wa bandia na hauna habari na kiatu. Alikuwa sajenti jeshini, na sajenti hastaafu moyoni. Hata kuku wa pale Misima wanalijua hilo. Akikohoa tu, wanaondoka barazani.

Mkewe, Mwaija, humtania. "Baba Husna, leo kuna gwaride shambani?"

"Mahindi yenyewe yamepanga mstari," hujibu mzee. "Mimi ni nani niende na kiatu kichafu?"

Lakini msimu huu utani ulipungua. Mzee aliacha kwenda shamba. Ijumaa akawa anaswali nyumbani. Mwaija akimuuliza, anajibu, "Nimechoka kidogo." Kuchoka gani huko kusikoisha? Mwaija alianza kuogopa.

Mchana mmoja mzee alijilaza, akapitiwa na usingizi. Mwaija akauchukua ule mguu wa bandia. Aliona ufa mrefu, umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na tambara, na tambara lilikuwa na usaha. Akatoka mbio kumwita Efrazia.

Efrazia ni jirani yao. Alikuwa muuguzi jeshini, naye alistaafu mwaka jana. Walipofika, mzee alikuwa ameamka.

"Shikamoo, afande," alisema Efrazia.

"Marahaba. Umeitwa, siyo?"

"Nimeitwa. Naomba niuone mguu."

Mzee akamkodolea mkewe macho. Mwaija hakuinamisha uso. "Kama ni kukasirika, kasirika," alisema. "Mimi naogopa."

Efrazia akakitazama kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki. Kilikuwa na kidonda chekundu.

"Afande, kwa nini hukusema?"

Mzee alishusha sauti. "Sista, mguu huu nilikabidhiwa. Wewe jeshi unalijua. Ukiharibu kifaa ulichokabidhiwa, lazima ujieleze. Sasa nitajieleza nini? Kwamba niliuvunja nikiruka mtaro, namkimbiza mbuzi wa watu?"

Efrazia alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaija naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

"Bunduki ndiyo hurudishwa ghalani," alisema Efrazia. "Mguu ni wako. Nao huchakaa, kama kiatu. Tena mwili hubadilika. Ukikonda au ukinenepa, mguu haukai sawa. Ndiyo maana hukaguliwa mara kwa mara, hata kama ni mzima. Ukibana, ukipwaya au ukichubua, uvue, uende hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unayaficha kwa tambara!"

"Na hiki kidonda?" aliuliza Mwaija.

"Kikiachwa, kitapanda. Anaweza kupoteza na goti."

Mzee Sabiri hakuwa na utani tena. "Tuanzie wapi?" aliuliza.

"Kesho zahanati, kidonda kisafishwe. Mguu usiuvae, tumia magongo. Kikipona, twende Korogwe. Wastaafu wenzetu wana umoja wao pale. Watatuelekeza hospitali yenye fundi wa viungo bandia. Watatuambia tubebe vitambulisho gani, na tuulize nini kuhusu bima na gharama. Na wewe Mama Husna uje. Huduma nyingine ni za familia pia. Hata ukitaka mtu wa kuzungumza naye moyo ukilemewa, usione haya kuuliza."

"Ningejua, ningekwenda zamani," alisema Mwaija.

Kidonda kilipona. Wakaenda Korogwe, wakaelekezwa hospitali. Mbele ya fundi, mzee alisimama juu ya magongo, kifua mbele.

"Naripoti kifaa kilichoharibika! Kosa ni langu."

Fundi akautazama ule mpira wa baiskeli. "Mzee, umefunga vizuri sana. Ungekuja mapema ningekupa kazi."

Akampima, na baada ya muda akamtengenezea mguu mpya. Akawafundisha wote wawili kuosha kigutu kila jioni kwa sabuni, kukikausha vizuri, na kukikagua kwa kioo kabla ya kulala.

Sasa Mwaija ana lawama mpya: mumewe hapatikani nyumbani. Asubuhi yuko shamba. Ijumaa yuko msikitini. Juzi alitembea mpaka kwa rafiki yake, Koplo Yordani, kule Sindeni. Yordani alipewa kifaa cha masikioni cha kumsaidia kusikia. Kilipoharibika, alikifungia sandukuni, akakaa kimya mwaka mzima.

"Anaogopa kujieleza," mzee alimwambia mkewe aliporudi. "Nimemwambia hakuna atakayemgombeza. Kesho nampeleka Korogwe. Nifungie chakula cha watu wawili."

Mwaija akafunga cha watu watatu, akaenda kutafuta khanga yake nzuri.