Aisii ya Redio ya Nadhira

Nadhira alikaa Timbwani, Likoni, yeye na binti yake Barke wa miaka mitatu. Ilikuwa mwaka 1993. Mumewe, Faraj, alikuwa Saudia, akiendesha lori la kubeba saruji. Aliondoka Barke akiwa bado hajaanza kukaa.

Kila asubuhi Nadhira alifagia ua. Alimtilia Barke chai katika kikombe cha bati chenye ua jekundu. Kisha alikaa ukumbini kudarizi kofia za wanaume, tundu moja baada ya jingine.

Kusoma barua kulimpa taabu. Kwa hivyo Faraj alisema maneno yake katika kaseti, akampa mtu anayerudi Mombasa. Nadhira alifunga mlango, akaweka redio juu ya kitanda, akasikiliza peke yake.

Jumatano moja alifika Mzee Mwinyihaji, aliyekuwa ametoka Umra.

"Hodi!"

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii kaseti ya mumeo. Asema isikilize upesi. Ana neno kubwa."

Nadhira aliitia kaseti ndani ya redio, akabonyeza. Taa iliwaka. Kaseti ilizunguka. Sauti haikutoka. Aliipiga redio ubavuni, akaipuliza vumbi. Kimya.

Jirani yake, Mishi, alichungulia juu ya ukuta wa ua. "Njoo uisikilize kwangu."

"Kwako mna watu wangapi, Ma Mishi?"

"Ah! Mume wangu, wanangu sita, na wageni wawili tu."

"Niazime redio, basi, niisikilize kwangu."

"Nami ningetaka. Lakini mume wangu kaifunga na rafu kwa mnyororo, wajua alivyo."

"Basi mume wangu aniite mpenzi wake mbele ya watu kumi?"

"Tutaziba masikio."

"Wewe? Wewe hujaziba sikio tangu uzaliwe!"

Walicheka. Lakini Nadhira hakwenda. Maneno ya mume na mkewe si ya kusikilizwa na mtaa.

Alhamisi alichukua redio hadi kwa Milcah. Milcah alikuwa fundi wa redio, mwanamke kutoka bara, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Alifungua mfuniko wa redio, akainama na tochi.

"Mama Barke, aisii ya sauti, kile kidude cha kukuza sauti, imeungua. Ni hii hapa, nyeusi, yenye miguu mingi kama jongoo. Nina nyingine yenye namba hiyohiyo."

Nadhira aliipokea hiyo nyingine. Alisoma herufi moja moja. "Ma-la-y-sia. Kwani redio yangu ni ya Malaysia? Tazama hapa juu. Japan! Faraj aliinunua Jeddah, mpya, ndani ya boksi lake."

"Jina la juu ni la waliounda redio. Aisii ni habari nyingine. Kaa nikueleze."

"Sina wakati wa kuelezwa. Nataka ya Japan. Nyinyi watu wa bara mwatuona sisi wajinga, mwatutilia vitu vya kuokota."

Milcah aliichukua aisii yake. "Sikuiokota, mama," alisema. Akamrudishia redio yake.

Ijumaa Nadhira alivuka feri, Barke mgongoni, redio ndani ya kikapu. Maduka mjini yalikuwa yamefungwa kwa swala. Alingoja. Baada ya swala alizunguka hadi alasiri, mpaka akamwona kijana mmoja aliyepanga vifaa juu ya gunia.

"Ya Japan ipo?"

"Ipo, mamangu. Soma mwenyewe."

Kweli, iliandikwa Japan kwa herufi nyeupe. Kijana aliitia palepale. Redio ikakoroma. Nadhira akatabasamu. Mara ukatoka moshi mwembamba, na harufu ya plastiki inayoungua. Redio ikazima kabisa.

"Redio yako ni mbovu," kijana akasema, akageukia mteja mwingine.

Jumamosi asubuhi Nadhira alisimama mbele ya kibanda cha Milcah.

"Nisamehe, dada. Juzi nilikutukana."

"Leta tuone," Milcah akajibu.

Aliing'oa aisii iliyoungua. Alilowesha pamba kwa spiriti, akaisugua. Pamba ikawa nyeusi kwa rangi, na lile neno Japan likafutika. Chini yake palikuwa na mikwaruzo.

"Waona? Wamechukua aisii nyingine dhaifu, wamelisugua jina lake kwa msasa, wakapaka rangi nyeusi na kuchapa jina jipya. Si kila ya bandia hufutika hivi. Lakini hii imejifichua yenyewe."

"Sasa ya kweli hutengenezwa wapi?"

Milcah alinyoosha kidole kwenye kanga ya Nadhira. "Hiyo kanga nani kaichora?"

"Mchoraji wa tajiri mmoja wa mjini."

"Nani kaichapa?"

"Kiwanda, Bara Hindi."

"Nani kaikata na kuipinda ncha?"

"Mimi mwenyewe, hapa Likoni."

"Basi aisii ni hivyo. Kuna wanaochora ramani yake, njia ndogondogo za umeme. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Ramani hupelekwa kiwandani, ichapwe kwa mwanga juu ya kisahani cha silikoni, kitu kitokanacho na mchanga. Wengine huchora na kuchapa wao wenyewe. Wengine huchora tu, wakawapa wenzao wachape. Kisahani hukatwa vipande vidogo kama punje. Kisha vipande hivyo husafirishwa nchi nyingine, vivikwe hili koti jeusi na miguu, vijaribiwe. Mara nyingi nchi inayoandikwa ni hiyo ya koti."

"Yaani Malaysia ndiko ilikopindwa ncha?"

"Hasa. Na redio yako ya Japan ilitoka kiwandani na aisii kama hiyo ndani."

"Sasa mtu atazame nini?"

"Namba. Namba yote, herufi na tarakimu, ifanane na ile iliyotoka. Tazama mikwaruzo. Na nunua kwa mtu utakayemkuta kesho."

Milcah alitia aisii ya Malaysia. Redio ikasema, safi, bila mkoromo.

Nadhira alikwenda nyumbani mbio. Alifunga mlango, akabonyeza.

"Nadhira, mpenzi," sauti ya Faraj ilisema. "Mkataba wangu umekwisha. Tajiri ataka niongeze miaka miwili, huko jangwani, kwenye barabara mpya. Huko hakuna simu. Sitaki kuamua peke yangu. Ijumaa saa tisa alasiri nitapiga simu dukani kwa Mahfudh. Ukisema rudi, narudi. Nisipokupata nitajua umeridhia, kama ulivyonyamaza siku ya ndoa ulipoulizwa. Jumamosi asubuhi natia sahihi."

Ijumaa ilikuwa jana.

Mahfudh mwenye duka alimwona akija bila viatu. "Simu ililia, mwanangu. Nilimtuma mtu kwako, akakuta kufuli. Nikamwambia Faraj hupo. Akasema, 'Haya, nimefahamu.' Akakata, wala hakuacha namba."

Siku tatu Nadhira hakushika sindano. Mishi alimletea uji, akaketi naye, asifanye mzaha wowote.

Redio haikuharibika tena. Ya Mishi ilipokufa, Nadhira ndiye aliyemshika mkono hadi kwa Milcah. Alilinganisha namba mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na nchi iliyoandikwa hakuiuliza. Wanawake wengine wa Timbwani wakajifunza kwake.

Mtu wa kwenda Saudia alipopatikana, Nadhira alifunga mlango, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Faraj, siku ya ndoa nilinyamaza kwa haya, na kweli niliridhia. Ijumaa ile sikunyamaza. Sikuwapo. Nilikuwa ng'ambo ya feri nikinunua maandishi. Sikuridhia, wasikia? Nasema kwa kinywa changu. Miaka hii miwili ikiisha, rudi."

Akamvuta Barke karibu. "Sema na babako."

Barke aliitazama redio mbele, akaitazama nyuma.

"Yu wapi?" akauliza.

Nadhira hakuizima kaseti.