Mafuta ya Ekseli ya Hamud

Mpaka anazikwa, Zahoro hakupata kujua ni mkono wa nani ulioingia ndani ya ile ekseli. Boliti zote za kifuniko zilikuwa mahali pake. Waya aliopitisha kwenye vichwa vya boliti ulikuwa bado umesokotwa kwa kushoto, kama alivyosokota yeye, na hakuna fundi mwingine Kariakoo aliyesokota hivyo. Gasketi ilikuwa nzima, imeng'ang'ania chuma kama gamba la kidonda. Lakini alipokibandua kifuniko, aliona mafuta yamepungua. Hayakumwagika, na yaliyovuja yalikuwa matone tu. Yalikuwa yamechotwa, na alama za vidole vinne zimebaki, zimeburutwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavyokomba wali wa mwisho kwenye sinia.

Gari lilikuwa la Hamud, Mwarabu mwenye duka la tende na nguo pembeni mwa soko. Lilikuwa motokaa kuukuu, limekuwapo mjini tangu enzi za Mjerumani, na Hamud alilikodisha kwa harusi. Ubaya wake ulikuwa nyuma. Gia za ekseli zilikuwa zimelika, na gari likitembea lililia kwa sauti nyembamba isiyokatika, hata mashoga waliomsindikiza bibi harusi wakawa wanacheka kwamba gari limeanza kumlilia mwari kabla mama yake hajaanza. Hamud aliona haya. Gia mpya zilibidi ziagizwe Ulaya, na meli hazikuwa na haraka ya Hamud.

Mafundi wa upande wa Msimbazi walikuwa na dawa yao. Waliijaza ekseli grisi nzito iliyochanganywa na unga wa mbao na maganda ya ndizi. Mchanganyiko ule ulikaa katikati ya meno ya gia, na kilio kikanyamaza kwa miezi. Hiyo waliiita kuilisha ekseli. Haikuwa kazi ya kujivunia, lakini mwenye gari alijua anachofanyiwa. Tatizo ni kwamba wiki ile grisi ilikuwa imeadimika mjini, na Zahoro alihitaji kitu kizito, chenye kunata.

Nyumbani kwake kilikuwapo. Mkewe, Waridi, alikuwa amesumbuliwa na jini tangu walipooana, na Bi Mgeni, mganga kutoka Buguruni, alikuwa ametoka kumpunga. Jini alikubali kutulia kwa kondoo mweusi. Nyama ililiwa kilingeni. Mafuta ya mkia, ambayo yalikuwa fungu la jini mwenyewe, yalifungwa katika jani la mgomba, akakabidhiwa Zahoro ayafukie nyuma ya nyumba. Sharti lilikuwa hilo tu. Zahoro aliyapima mkononi. Yalikuwa meupe, mazito, mengi. Alimpenda mkewe, na hilo mtu asilitilie shaka. Ila alikuwa mtu anayeumia akiona kitu cha kufaa kinapotea bure. Yataliwa na siafu tu, alijiambia. Akafukia jani tupu.

Gari likanyamaza. Fundi mwenzake, Mwinyimvua, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alilizungusha mtaani kulijaribu, akarudi akisema kama dawa hiyo inafaa na kwa mama wakwe, basi yeye ana mteja.

Kilichoanza ni nzi. Mabucha ya sokoni yalikuwa hapohapo jirani, damu inatiririka mferejini, lakini nzi waliyaacha wakaja kukaa kwenye ekseli ya Hamud. Walitulia pale kimya, hawakuruka hata gari lilipokwenda. Baada ya nzi ikaja harufu. Haikuwa ya grisi iliyoungua. Ilikuwa ya kinywa cha mtu aliyelala na nyama katikati ya meno. Abiria walibana pua kwa ncha za kanga, na mama mmoja alishuka njiani, akatapika, akakataa kupanda tena. Ndipo Hamud alipokwenda karakanani, akamvuta Zahoro pembeni.

"Fundi, hailii tena," alisema kwa sauti ya chini. "Inatafuna."

"Inatafuna nini, Sheikh?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Wewe ndiye uliyeilisha."

Mwinyimvua alisikia, akasema basi ipewe mswaki.

Nyumbani, Waridi aliacha kula. Wali aliusogeza kando, akasema una ladha ya udongo. Mashavu yalibonyea, mifupa ya mabega ikajitokeza, lakini midomo yake iling'aa kutwa nzima, na akicheua chumba kilinuka mkia wa kondoo. Zahoro akirudi kazini, mkewe aliishika mikono yake kana kwamba anampa pole, akaileta puani, akanusa chini ya kucha. Siku moja Zahoro aliuhisi ulimi. Alimwacha alambe, akajidanganya kwamba ni hamu za mimba.

Ikafika mchana mmoja, jua liko utosini na soko limesinzia, alipokwenda kuikagua ekseli mbele ya duka la Hamud. Alitandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Alisikia kitu kinalamba, taratibu, kama paka kwenye kibakuli, akageuza kichwa akitaraji paka, na akaona kanga aliyoinunua mwenyewe imeburuzwa mavumbini, akaona nywele zilizosukwa vizuri zimegandamana kwa grisi, akaona uso wa mkewe umebanwa kwenye kifuniko cha ekseli, jicho moja wazi likimtazama bila kumtambua, na ulimi, mweusi, mrefu kuliko alivyoujua, ukipita juu ya boliti moja baada ya nyingine, ukirudi, ukizunguka waya, ukifuata tone lililokuwa likichuruzika, huku nzi wakitembea juu ya meno yake naye akiwafumbia mdomo na kuwameza pamoja na mafuta.

"Waridi," alinong'ona.

"Waridi ni kijiko changu," kinywa kilijibu, polepole, kama cha mtu asiyetaka kukatizwa mlo.

Alimtoa pale kwa kumvuta miguu. Alimfunika gunia, akambeba kwa vichochoro ili watu wasimwone. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Walipofika chumbani Waridi alianza kutapika. Ulitoka unga wa mbao, zikafuata nyuzi za maganda ya ndizi, ndefu, zimebadilika kuwa nyeusi. Mwisho, pamoja na damu, zikatoka chenga nyembamba za chuma zinazometameta. Zahoro alizijua chenga zile. Ndizo zinazotoka kwenye gia zinaposagana. Akajua kwamba kinachosagwa sasa ni tumbo la mkewe, na kwamba hakuna tumbo litakalostahimili.

Bi Mgeni aliitwa. Alifukiza ubani, akaketi sakafuni karibu na kichwa cha Waridi, akazungumza na jini kama anavyozungumza mtu na jirani aliyekosewa.

"Fungu lako ulipewa," alisema. "Mtoto wa watu unamtesea nini?"

"Fungu langu limetiwa kwenye chuma. Mimi chuma sikigusi. Nakula kwa kijiko."

Bi Mgeni akamgeukia Zahoro. Hakumkaripia.

"Mwanangu, pale nyuma ulifukia nini?"

"Jani," alisema Zahoro.

Gari lilisukumwa mpaka uani kwa Zahoro, likanyanyuliwa kwa jeki, na kifuniko kikafunguliwa. Ndipo zilipoonekana zile alama za vidole. Bi Mgeni alizitazama, akarudi nyuma hatua moja. Alisema jini haingizi mkono ndani ya chuma, na wao wameambiwa hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Waridi hakujua kushika spana, na kidole chake cha mwisho kilikatwa nusu na mtwangio utotoni, wakati alama zile zilikuwa za vidole vizima. Mwinyimvua aliapa kwamba hakugusa. Zahoro alimwamini. Jambo hilo likabaki hivyo, na mpaka leo liko hivyo.

Hamud alikuwa na haki ya kukasirika. Badala yake alisema ekseli ifukiwe nzima nzima, gari life, maana gari ni chuma na mke wa mtu si chuma. Bi Mgeni alikataa. Fungu la jini haliwezi kuzikwa pamoja na kitu asichokigusa. Akilifuata na kulikuta limekumbatiwa na chuma, atakirudia kijiko chake. Zahoro akauliza kama anaweza kuiosha kwa mafuta ya taa.

"Chakula cha mtu hukiwekei mafuta ya taa," alisema Bi Mgeni. "Kinachochoteka kitarudi udongoni. Kinachonata katikati ya meno ya gia kitalambwa na aliyekitia. Gia zibaki kavu."

"Na chenga?"

"Mwenzako amezimeza."

Chumbani Waridi alikohoa, na kitu kikagonga ukingo wa beseni kwa mlio wa chuma.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Bi Mgeni aliyachota yale ya kuchoteka kwa kifuu cha nazi, akayafukia pale palipokuwa na jani. Zahoro alipiga magoti nyuma ya gari, akasema bismillahi, akaingiza uso ndani ya ekseli. Mafuta yalikuwa na uvuguvugu, ingawa gari lilikuwa limelala siku nzima. Hamud, ambaye angeweza kurudi dukani kwake, alikunja mikono ya kanzu, akashika gurudumu, akageuzia uso ukutani na kuanza kulizungusha polepole, ili kila jino la gia lifike kwenye ulimi wa Zahoro. Alimsikia akitapika, akangoja, akazungusha tena. Gia ilipomaliza mzunguko wake, Waridi aliita kutoka chumbani, kwa sauti yake mwenyewe, akaomba uji. Hamud akasimamisha gurudumu, akamtazama Bi Mgeni. Bi Mgeni alizionyesha gia kwa kidole: bado zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Hamud akazungusha.