Sauti Aliyoipima Mwaka Mzima

— Hapana ogopa, Mama Kavuo. Hii inakamata sauti tu, hainaka picha.

— Mashini siogope, Mademoiselle. Naogopa bwana yangu. Acha nimuombe ruhusa kwanza.

Hadassa akatabasamu, akakilaza kinasa sauti juu ya meza. Alikuwa akisoma fonolojia katika chuo kimoja cha Butembo, yaani nadharia ya mpangilio wa sauti katika lugha za wanadamu, na tasnifu yake ilihusu jinsi sauti inavyopanda na kushuka katika Kinande. Mchumba wake Jéthro, mfanyabiashara wa mawese, alimuaga akijua anakwenda kurekodi Luofu. Barabara ya Luofu ilipofungwa, profesa akamwelekeza Beni, kwa mama huyu. Hadassa hakuona sababu ya kumsumbua mchumba kwa badiliko dogo kama hilo. Wangeonana Jumamosi, siku ambayo ukoo wa Jéthro ungeleta mbuzi kumi na wawili wa mahari kutoka Kasugho.

— Bwana yako anaitwa nani, Mama?

— Kambale.

Hadassa akacheka. Kwa Wanande, Kambale ni kila mtoto wa pili wa kiume. Liite jina hilo katikati ya soko la Beni uone ni wanaume wangapi watakaogeuka.

Kavuo akapiga simu, sauti ikisikika kwa wote.

— Papa, kuko mutoto wa université hapa. Anatafuta kukamata sauti yangu juu ya Kinande. Nikubali?

— Kumbe Kinande nayo banaisoma? Kubali, Mama. Mais asikucheleweshe na jikoni, kesho niko hapo.

Kalamu ikamdondoka Hadassa. Wasemaji wengine wote aliowarekodi huishusha sauti mwishoni mwa sentensi. Mmoja tu huiacha ikining'inia: Jéthro. Mwaka mzima aliipima sauti hiyo kwenye kompyuta, akaiandikia kurasa nane.

Akajikaza, akainamia simu.

— Aksanti kwa ruhusa, Papa. Niko na ulizo moja: na Mama Kavuo mumekaa pamoja miaka ngapi?

Simu ikakatika.

— Ah, réseau! alisema Kavuo. Ni miaka ine, Mademoiselle.

Ujumbe ukaingia katika simu ya Hadassa: "Chérie, uko wapi?"

Akajibu: "Kwa muke yako."

Kisha akamwonyesha Kavuo picha ya siku ya uchumba. Kavuo akaitazama.

— Mungu wangu! Huyu ni Kambale!

— Jumamosi anatoa mahari yangu.

— Mahari? Miye alinikamata bure! Miaka ine anamwambia baba yangu: ngojea, mbuzi zako zinakomaa kule Kasugho.

— Kasugho? Mbuzi ngapi?

— Kumi na mbili.

Wanawake wale wawili wakatazamana, na hakuna aliyeweza kulia.

Jumamosi, katika ua wa Mzee Syauswa, baba yake Hadassa, mbuzi walikuwa tayari wamefungwa kwenye uzio. Josaphat, baba mkubwa wa Jéthro, alikuwa anaanza salamu za ukoo pale Hadassa alipotoka nje bila kitenge cha sherehe.

— Baba, nisamehe. Mbuzi hizi ziko na mwenyewe. Jéthro eko na muke Beni, tangu miaka ine.

Ua mzima ukaduwaa. Shangazi mmoja aliachia sahani ya maharagwe.

— Uongo! Jéthro akaruka. Ulisikia sauti kwa simu tu! Batu mingi banafananaka sauti!

— Batu mingi, ndiyo. Mais yako nimeipima mwaka muzima, Jéthro. Unaweza kudanganya macho yangu. Masikio yangu, hapana.

— Hadassa, chérie, tuongee pembeni...

— Pembeni? akanguruma Josaphat. Simama hapo hapo! Mbele ya batu bazima, na mbele ya Mungu: huyo mwanamuke unamujua ao humujue?

Jéthro akatazama viatu vyake.

— Namujua, Papa.

— Na baba yake ulimuahidi nini?

— Mbuzi.

— Mbuzi gani?

Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea uzio.

Josaphat akavua kofia, akamwelekea Mzee Syauswa.

— Syauswa, umetuona uchi leo. Nisamehe.

Akawageukia wanawe.

— Fungueni kamba. Mupandishe zote kwa camion, tunaenda Beni kwa baba ya yule binti. Na weye, Jéthro, utakaa nyuma, pamoja nazo!

— Papa, mais Kavuo amesema hanitaki tena!

— Hiyo ni shauri yake. Mbuzi ni za baba yake.

Lori likaondoka na vumbi lake. Mzee Syauswa akamtazama binti yake.

— Na kazi yako ya masomo? Sauti ya huyu mutu si ilijaa mule?

— Nimetoa zile kurasa nane, Baba. Nimeanza upya na musemaji mwingine.

— Nani tena?

— Mama Kavuo. Jana amenipatia maneno mia mbili, hakukosea hata moja.

Mzee alitaka kushangaa, akashindwa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.