Mjukuu Wangu Alikauka Wakisubiri Jina la Mwanaume

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, na nyie wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba!

Mimi ni bibi wa miaka sitini kasoro, nauza dagaa hapa Nyasubi, Kahama. Shule yangu ni ile ya watu wazima, na huko kwenyewe nilikuwa nafuata soga. Mwandiko wangu ukiwa kama kuku kapita, msinicheke. Kusema ndiyo najua! Wateja wengine wanakuja kunisikiliza tu, dagaa hawanunui. Ila haya ya leo siyo ya kuchekesha. Nina hasira nayo mpaka leo.

Kitinda mimba wangu anaitwa Kabula. Aliolewa na Maganga, kijana wa huko upande wa Isaka, mchimbaji wa dhahabu Geita. Ng'ombe wa mahari alitoa wazuri, sisemi uongo. Akamwacha Kabula huko Isaka kwa mama mkwe wake, yeye akarudi machimboni. Msimu huu anakuja, msimu ule haonekani. Akija, kavaa miwani ya jua mpaka jua limezama! Nilikuwa namwona kwa pembeni tu, maana kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume tunaheshimiana mpaka tunapishana njia. Kumtazama usoni? Mwiko.

Kabula akazaa dume, Masanja. Jamani, kibonge! Ukimpakata anakukojolea, halafu anacheka.

Alipoanza kukaa, tumbo likaanza. Anaharisha, linakata, linarudi. Mashavu yakashuka. Mama Maganga, mkwe mwenzangu, akamgeuza mtoto hivi na hivi, akatoa hukumu: "Huyu kabemendwa."

Nyie wa mbali labda hamlijui neno hili. Wanasema mama akinyonyesha huku anatoka nje na wanaume, mtoto anaharisha na kukauka. Dawa ipo, ila mama ataje kwanza jina la mwanaume. Hakuna jina, hakuna dawa!

Habari zikanifikia sokoni. Nikaacha dagaa juani, nikadandia lori la Isaka.

Nilichokikuta... Ee Mungu! Macho yameingia ndani, utosi umebonyea kama kibakuli. Analia bila machozi. Walikuwa wamemkataza Kabula kunyonyesha, eti maziwa yamechafuka. Maji nayo wamemnyima mtoto, eti yanazidisha kuharisha!

"Mkwe," nikamwambia Mama Maganga, "huyu si wa hospitali huyu?"

"Hospitali wanatibu kubemendwa?" akanijibu. "Mwambie mwanao afungue mdomo. Kufungua kwingine aliweza."

Ningefanyaje? Ni mji wa watu, na mtoto ni wa kwao, ng'ombe wao walikwishatoka.

Kabula akanivuta nyuma ya nyumba. "Mayu, mama yangu, nimtaje nani? Sijui mwanaume mwingine zaidi ya Maganga!"

Na mnajua alifanya nini? Alitunga! Ili mwanawe apewe dawa, alimtaja fundi baiskeli mmoja aliyewahi kupita pale kijijini. Masikini fundi wa watu, hata jina lake Kabula hakulijua, akasema tu Juma! Mtoto wangu alijipaka uchafu mwenyewe mbele ya ukoo mzima, ili Masanja apone.

Mganga wa kienyeji wa pale kijijini akawaogesha mama na mtoto kwa majani yake. Masanja akaendelea kuharisha. Mama Maganga akapiga makofi: "Mnaona? Juma hayuko peke yake! Kuna mwingine kamficha!"

Maganga mwenyewe alikuwa ameitwa, akafika. Nikasema afadhali, baba kaja, mtoto atapelekwa hospitali. Wapi! Akavuta kigoda, akakaa na miwani yake, akasema, "Mimi nataka jina. Basi."

Nikachoka. Nikamnyakua Masanja, nikamfunga mgongoni, nikatoka. Mama Maganga ananitukana nyuma, Kabula analia pembeni yangu. Mtoto alikuwa mwepesi mgongoni... mwepesi kama kanga tupu.

Hospitalini nesi alitafuta mshipa wa dripu mikononi, akatafuta miguuni, akatafuta kichwani. Mishipa imelala yote.

"Bibi, mtoto kaishiwa maji," akasema. "Mbona hamkumpa hata maji ya chumvi na sukari?"

Nimwambie kwamba tulikuwa tunasubiri jina?

Masanja akakata roho jioni ile ile, kidole changu kiko mkononi mwake.

Tukarudi kuzika. Wachimbaji wenzake Maganga wakaja kumpa pole. Mmoja, nadhani pombe ilikuwa imemkolea kidogo, akamkumbatia na kusema kwa sauti, "Pole kaka. Wa pili huyu kwa kuharisha. Na mama yake yule wa Buseresere hatujamaliza hata kumlilia."

Msiba mzima ukageuka kumtazama Maganga!

Kumbe Maganga alikuwa na mwanamke huko Buseresere, upande wa machimboni. Wakazaa, mtoto akaharisha hivyo hivyo, akafa. Mama naye akafuata. Wenzake walipobanwa wakasema yote: daktari wa huko alikuwa amempima Maganga na kumwambia wazi kwamba ana ukimwi. Alijua! Akalala na mwanangu akijua, na akakaa kwenye kigoda kumdai jina la mwanaume akijua!

Hapo mwiko ukanitoka. Nikamfuata, nikamvua ile miwani, nikamtazama machoni mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu. "Haya, mkwe! Zamu yako! Utuambie ulikuwa unatafuta jina la nani?"

Akainama. Watu wakanishika, eti bibi, heshima. Heshima gani! Ya nani?

Kabula nilimchukua, nipo naye. Kuna siku anaamka anapepeta dagaa, kuna siku haamki. Amepimwa, mnajua wenyewe majibu. Watu wakipita wanasema kakanyaga miwaya. Waseme. Mimi namwogesha na kumsimulia vituko vya sokoni mpaka acheke.

Na kule Isaka sasa wamegeuza, wanasema kumbe aliyembemenda mtoto ni Maganga. Walidhani nitafurahi. Sifurahi! Nesi aliniambia waziwazi: hata kama ugonjwa ule alizaliwa nao, siku ile kilichomuua ni kukauka, na maji yangeweza kumvusha. Maji! Mtungi ulikuwa umejaa mle ndani, watu wazima tumeuzunguka tunasikiliza kesi ya nani kalala na nani!

Wanangu mnaosoma hapa, nawapigia magoti bibi yenu. Waume, mkijijua mna ugonjwa, semeni. Na mtoto akiharisha nyumbani kwenu, asitokee mtu wa kuuliza baba yake nani wala mama yake kalala wapi. Mnyonyesheni, mnywesheni, mkimbizeni hospitali. Akishapona mwiteni huyo mama yake, mkae barazani mumhoji mpaka mchoke. Atawajibu huku anamnyonyesha.